Uliza Fundi: Mtoto kachora mtumbwi wa babu na peni

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Naandika kutoka Nyegezi, hapahapa Mwanza. Nyumbani tuna mtumbwi mdogo wa mbao, urefu wake kama mkono wa mtoto hivi, aliuchonga babu mzaa baba enzi hizo yuko Ukerewe. Alikuwa fundi wa mitumbwi ya wavuvi, sasa vipande vya mbao vikibaki na rangi ikibaki kwenye kopo anatutengenezea sisi wajukuu vitu vya kuchezea. Vingine vyote vilipotea, umebaki huu mmoja tu. Pembeni ni mweupe, juu una mstari wa bluu, chini mwekundu, na kwenye pua kaandika jina la bibi kwa mkono wake mwenyewe. Babu alifariki 1998. Sasa juzi mwanangu wa miaka minne kautoa kwenye kabati, kachukua peni ya bluu ile ya kawaida ya shuleni, kachora ubavu wote wa kulia, mistari na maduara mpaka karibu na yale maandishi. Nimefuta kwa kitambaa na sabuni, hautoki hata kidogo. Jirani ananiambia niweke thina, fundi rangi wa mtaani anasema nimpelekee aupige rangi upya wote. Baba bado hajauona na anakuja Pasaka. Naogopa hata kuugusa. Nifanyeje mzee?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuogopa, maana kitu cha namna hii kinaharibiwa na anayetaka kukisafisha kuliko aliyekichafua. Kwa fundi rangi usiupeleke. Ataupiga rangi utang'aa kweli, lakini jina la bibi litafunikwa au litaandikwa upya na mkono wa mtu mwingine, na hapo baba yako akija Pasaka atakuta mtumbwi mzuri tu ambao sio wa baba yake. Huo wino tunautoa bila kuupiga rangi, na sehemu kubwa utatoka.

Kwanza ujue kwa nini sabuni imeshindwa, ukishaelewa hapo mengine utayafanya bila wasiwasi. Wino wa peni ya kawaida sio maji yenye rangi, ni kitu kizito kama grisi. Yule Mhungaria László Bíró aliyesajili uvumbuzi wa peni ya kichwa cha gololi mwaka 1938 alichohangaika nacho ni hichohicho, wino wa kalamu za zamani ulikuwa mwepesi kama maji unavuja na kuchelewa kukauka, yeye akaenda na wino mzito unaobebwa na kigololi kidogo pale kwenye ncha. Sasa wino huo una asili ya mafuta, maji ya sabuni yanapita juu yake tu. Kinachouyeyusha ni spiriti, hii ya kawaida ya duka la dawa wanayofutia ngozi kabla ya sindano.

Ila spiriti hiyohiyo inaweza kula rangi ya mtumbwi, na hapa ndo watu wengi wanakosea, wanauliza dawa ya wino wakati walitakiwa kuuliza kwanza rangi iliyo chini ya wino ni ya aina gani. Rangi ya mafuta, ile ya kupaka mageti na madirisha na mitumbwi, haikauki kwa maji kuondoka kama nguo kwenye kamba. Inavuta hewa ya oksijeni kidogokidogo inageuka kuwa kitu kigumu ambacho hakirudi tena kuwa majimaji, kwa hiyo ikiwa na miaka yake spiriti ikiigusa sekunde chache na kufutwa inavumilia. Rangi ya maji, hii ya kupaka ukutani, yenyewe ni kama plastiki nyembamba, spiriti inailainisha hata kama imepakwa miaka kumi iliyopita. Halafu kuna vanishi ambayo tangu mwanzo inachanganywa na spiriti, hiyo ikikutana na spiriti inayeyuka palepale inakuwa gundi. Babu yako alitumia rangi iliyobaki kwenye mitumbwi ya wavuvi, na mtumbwi unaokaa majini unapakwa rangi ya mafuta, kwa hiyo nina imani kubwa na huo wako. Lakini imani haitoshi, tutaujaribu.

Kuhusu thina sitaki hata ubaki na wazo. Thina wanazotumia mafundi wa gari na samani ni mchanganyiko wa vimiminika vikali vilivyotengenezwa kuyeyusha rangi yenyewe, na kile cha kufutia rangi ya kucha mara nyingi ndani yake ni asetoni, ni ndugu zao hao. Nikiwa bado kijana najifunza kazi, baba mmoja aliniletea lori la mbao la mwanae, limechorwa peni kwenye bodi. Nikachovya kitambaa kwenye thina nikapitisha mara moja. Wino ulitoka, na rangi nayo ikajikunja kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemka, ikaonekana mbao. Yule baba hakunigombeza, alilichukua lile lori akaliangalia muda mrefu, akalifunga kwenye gazeti akaondoka. Mpaka leo naikumbuka sura yake, na ndo maana kila mtu akiniandikia habari ya thina namjibu kwa kirefu.

Haya, tuingie kwenye kazi. Chagua siku ambayo hamna haraka na mtoto kalala au yuko kwa jirani. Kaa mbali na jiko, iwe mkaa au gesi, spiriti inashika moto upesi sana na mvuke wake nao unashika, fungua madirisha upepo upite. Tafuta spiriti ya duka la dawa, vijiti vya pamba vya masikioni vingi, usiwe na vitano, uwe na pakiti nzima, tishu nyeupe, kitambaa laini cha pamba kama fulana kuukuu nyeupe, na raba nyeupe ya kufutia penseli. Kikosekana spiriti, sanitaiza ya mikono inasaidia, soma kwenye chupa iwe na alkoholi asilimia 60 kwenda juu na isiwe na rangi. Tena ile ya jeli ina uzuri wake kwamba haitiririki, ukiiweka mahali inakaa hapohapo, ubaya wake inaacha ulenda unaotakiwa ufutwe baadae.

Anza kwa kupangusa vumbi na brashi laini, halafu kitambaa kilicholowa na kukamuliwa sana. Ukishapitisha angalia kitambaa. Kama kina unga mweupe kama wa chaki ujue rangi ya juu imechoka kwa jua, na wino umeingia kwenye ule unga, hapo utatoka kirahisi kidogo ila utatoka na rangi kidogo, kwa hiyo mkono uwe mwepesi zaidi. Uache ukauke kabisa.

Sasa jaribio. Geuza mtumbwi chini, tafuta sehemu isiyoonekana, na ufanye kwa kila rangi, nyeupe peke yake, bluu peke yake, nyekundu peke yake, maana babu alikuwa anatumia makopo yaliyobaki na hakuna anayejua kila kopo lilikuwa na nini. Chovya kijiti kwenye spiriti, kikandamize kwenye tishu kisiwe chepechepe, kiweke juu ya rangi uhesabu mpaka tano, kitoe. Kijiti kikibaki cheupe endelea. Kikija na rangi, au pale ulipoweka pakinata ukigusa na kidole, simama hapohapo, spiriti haitumiki, ruka nenda kwenye raba.

Na maandishi usiyasahau, mwanangu, hili ndo kubwa kuliko yote. Hujaniambia babu aliandika na nini. Kama aliandika na brashi kwa rangi ya mafuta hamna shida kubwa, lakini kama alitumia maka pen au peni, spiriti haitachagua, itachukua wino wa mtoto na jina la bibi kwa pamoja. Angalia kwa karibu mchana kwenye mwanga, rangi ya brashi ina unene, ukipitisha kidole unasikia mwinuko, na kingo zake zina alama za nywele za brashi. Wino hauna mwinuko wowote. Ukiona huna uhakika, hapo kwenye maandishi spiriti isifike kabisa, acha nafasi ya upana wa kidole kuzunguka jina lote.

Kama jaribio limepita, anzia mwisho wa mstari ulio mbali na maandishi. Kijiti kikiwa na unyevu tu, usikisugue, kiviringishe juu ya mstari kama unavyoviringisha chapati, taratibu, kipande cha sentimita moja halafu basi. Wino utapanda kwenye pamba. Kijiti kikishakuwa cha bluu kitupe, usikirudishe kwenye chupa wala usikigeuzegeuze ukitumie tena, kwa sababu hapo unachofanya ni kupaka ule wino upya kwenye rangi nyeupe, na ukishauyeyusha ukausambaza unapata doa la bluu pana badala ya mstari mwembamba, doa hilo ni gumu kuliko huo mchoro wenyewe. Ukimaliza sentimita moja pangusa haraka na kitambaa kikavu na uende kipande kingine mbali na hapo, usirudi palepale mpaka dakika tano au kumi zipite. Rangi ikikaa na spiriti inalainika kidogo kisha inarudi kuwa ngumu, ipe huo muda. Kwa ubavu mzima nakadiria mchana wote utaishia hapo, na ukichoka acha umalizie kesho, wino ulioshinda juzi na jana hautaharibu chochote ukilala usiku mmoja zaidi.

Utafika mahali mstari umeondoka lakini kuna kivuli cha bluu. Usiongeze spiriti kwa hasira. Acha pakauke siku nzima, halafu tumia raba nyeupe, futa upande mmoja tu kwa wepesi. Bado kipo? Chukua dawa ya meno nyeupe, ile nzito isiyo ya jeli na isiyo na chembechembe, kiasi cha punje ya mchele, weka kwenye kitambaa kwenye ncha ya kidole, zungusha bila kukandamiza mara kumi hivi, futa kwa kitambaa chenye unyevu, angalia. Dawa ya meno ina unga laini sana unaokwangua, ndo unaong'arisha meno, na hapa unakwangua rangi ya juu kabisa, kwa hiyo kila ukirudia ujue unapunguza. Kama rangi ya mtumbwi haing'ai, imefifia, dawa ya meno itaacha kipande kinachong'aa katikati ya kufifia na kitaonekana kuliko kivuli chenyewe, hapo bora raba peke yake.

Na palipo na mkwaruzo rangi imetoka, mbao iko wazi, wino umeingia kwenye nyuzi za mbao. Huo hautoki wote. Spiriti itaupeleka ndani zaidi, usijaribu. Acha kama ulivyo. Ukiona unakukera sana, kidoti kidogo cha rangi ya mafuta nyeupe iliyotiwa tone la manjano ili ifanane na ile iliyozeeka, kwa brashi nyembamba, hapo tu palipochubuka na sio nje yake. Isiwe rangi ya maji, wino wa peni una tabia ya kupenya na kupanda juu, baada ya wiki unauona tena bluu kama ulivyokuwa.

Watu wengine watakwambia uanike juani wino ufifie. Ni kweli wino wa peni unafifia kwa jua, ila unachukua muda mrefu na jua la hapa kwetu halichagui, rangi ya babu nayo itafifia na mbao itapasuka.

Kuna jambo la afya nalo. Rangi za mafuta za miaka hiyo nyingi zilikuwa na madini ya risasi ndani, hasa nyekundu, manjano na nyeupe. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, inagusa ubongo wao. Kwa hiyo msasa mkavu usipite kwenye huo mtumbwi hata mara moja, vumbi lake ndo baya zaidi. Vijiti na vitambaa ulivyotumia vifunge kwenye mfuko utupe, nawa mikono kwa sabuni, na mtoto asiuweke mdomoni. Najua babu aliuchonga uchezewe na inaniuma kusema hivi, lakini huu ukae juu kabatini. Mtoto mtafutie mwingine, mafundi wanaotengeneza mitumbwi ya mbao huko ufukweni bado wapo, ukimwomba mmoja wao kwa heshima akutolee kamoja kadogo kwenye vipande vinavyobaki sidhani kama atakataa, na kasipakwe rangi kabisa, mbao tupu inatosha.

Baba yako mwambie kabla hajafika. Mpigie simu umweleze mjukuu kafanya nini na wewe umefanya nini. Na huenda yeye anajua babu aliandika lile jina kwa kutumia nini, kwa hiyo ikiwezekana mpigie kabla hujafungua chupa ya spiriti.

SWALI: Mzee habari za kazi, mimi niko Kirumba. Gari la mbao la kuchezea nimelipaka mwenyewe rangi ya maji ya ukutani, mtoto kalichora na peni ya jeli nyeusi. Nimejaribu spiriti imetoka rangi, wino umebaki. Nafanyaje?

JIBU: Nzuri kaka. Umekutana na vitu viwili vilivyokaa kinyume. Wino wa jeli ni wa maji, na mara nyingi rangi yake ni chembechembe ngumu zilizoelea ndani, sio kitu kinachoyeyuka, kwa hiyo spiriti haiufanyi kitu wakati rangi yako ya maji ndo inayeyuka. Dawa ya jeli ni kuuwahi ukiwa mbichi, dakika hiyohiyo, pamba yenye unyevu wa maji, unagusa na kuinua, unagusa na kuinua. Ukishakauka ni raba na uvumilivu. Ila wewe gari umelipaka mwenyewe na rangi unayo, hapa sioni sababu ya kuteseka, litie rangi ya mafuta nyembamba ya kuzibia kwanza sehemu iliyochorwa, ikauke vizuri, kisha pitisha rangi yako juu.

SWALI: Shikamoo. Nipo Musoma. Mimi nilitumia jiki kutoa wino kwenye kiti kidogo cha mbao cha mtoto kilichopakwa rangi. Wino haukutoka vizuri, mbao imekuwa na manyoya na rangi imefifia. Mtu kasema niweke siki kukata makali ya jiki. Ni sawa?

JIBU: Marahaba, na tafadhali siki usiweke. Jiki ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, ni sumu, inaunguza koo na mapafu, na ndani ya chumba kidogo inaweza kukuangusha. Wala spiriti usiiweke juu ya jiki, navyo vikichanganyika vinatoa sumu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji safi, suuza kitambaa, pangusa tena, rudia mara nne tano mpaka harufu iishe, kisha kiti kikae kivulini penye upepo siku mbili tatu. Jiki inakula kile kinachoshikanisha nyuzi za mbao ndo maana umeona manyoya. Kikishakauka, kama rangi yake ni ya siku hizi na kopo limeandikwa haina risasi, pitisha msasa laini namba 400 ukiwa umelowesha kidogo, ukifuata uelekeo wa mbao, halafu upake rangi sehemu hiyo. Kama huijui umri wa rangi, msasa acha, paka rangi juu tu.

SWALI: Mzee niko Bukoba, nina pia ya mbao ya kuchezea imepigwa vanishi ngumu inayong'aa, imechorwa na maka pen. Nimesikia ukichora juu yake na maka ya ubao mweupe inatoka, ni kweli au stori?

JIBU: Ni kweli, kwenye kitu kigumu kinachong'aa. Maka ya ubao ina kimiminika kinacholainisha wino wa zamani na kitu kinachozuia usishike, unachora juu ya alama, unafuta palepale na kitambaa kikavu kabla haijakauka, vyote vinakuja pamoja. Jaribu kwanza chini karibu na msumari wa pia, kama vanishi yako ni ile ya kuchanganywa na spiriti utaona inakuwa nyeupe kama ukungu, na ukiona hivyo acha mara moja usiguse mpaka ikauke.